Kelele na Waya wa Mama Mkwe

Jina alilopewa na mama mkwe wake lilikuwa la ishara: vidole vikifunguka na kujifunga mbele ya mdomo. Maana yake Kelele. Na alilistahili, jamani! Mama huyo ni kiziwi tangu utotoni, na huyu bwana, miezi ya mwanzo ya ndoa, alikuwa akimwamkia kwa kupaza sauti hadi majirani wanachungulia. "Mume wangu," mkewe alimwambia akicheka, "hata ukipasua koo, hasikii. Punguza sauti, tumia mikono."

Leo Kelele, fundi wa televisheni ya waya, alikuwa sebuleni kwa mama huyo, kijasho chembamba kikimtoka. Mkewe alikuwa anaanza kazi mchana huu huu, kutafsiri taarifa ya habari kwa lugha ya ishara, ndani ya kile kidirisha cha pembeni mwa skrini. Tangu mdogo alikuwa mdomo na masikio ya mama yake, zahanati, benki, dukani; leo angewatafsiria watu wote. Na stesheni ya taarifa hiyo, inayopita kwenye waya kwa mawimbi ya masafa ya juu kabisa, ilimfikia mama ikiwa vipande vipande. Mikono haionekani. Sasa kiziwi akikosa mikono, atapata habari gani?

Nyumba ya mama ilikuwa ya mwisho kwenye waya, na waya mrefu una upendeleo wake: masafa ya chini huyaachia yapite, ya juu huyanyonya njiani. Kelele akafanya alivyozoea, akaongeza nguvu kwenye kikuza mawimbi. Lo! Stesheni za chini, ambazo hazikuwa na shida yoyote, zikazidiwa zikaharibika, na ile ya juu, ikifunikwa na vurugu zao, ikawa mbaya zaidi.

Mama akamtazama, akatikisa kichwa, akafanya ishara ya jina lake.

Hapo fundi akagutuka. Kumbe muda wote huo alikuwa anaupigia waya kelele! Akapekua mkoba, akatoa kisawazisho, kidude kisichozidi kidole gumba, akakifunga kabla ya kikuza mawimbi. Kazi yake ni kuyashusha yale masafa ya chini yenye nguvu, yalingane na ya juu yaliyochoka. Kisha akayapandisha yote pamoja, polepole.

Picha ikatulia. Mkewe huyo hapo, kila kidole unakiona! Mama akashika mdomo. Alitazama taarifa nzima, hata bei ya saruji, machozi yakimtiririka, na wakati mmoja akanyoosha mikono kumsahihisha binti yake kana kwamba wako jikoni.

Taarifa ilipokwisha, Kelele akaanza kukusanya vifaa. Mama akamvuta shati.

"Asante," akasema kwa mikono. "Asante sana."

Kisha akamwita, lakini si kwa jina lile. Alipakata mtoto asiyekuwepo, akambembeleza, kisha akamnyooshea fundi kidole kifuani. Mwanangu.

Fundi akafungua mdomo kujibu, akakumbuka, akaufumba. Akaweka koleo chini, akajibu kwa mikono.