Ajira ya Kudumu ya Shomari

Usiku wa jana niliota nyumba inapiga hodi kwenye banda langu la uji. Nami kwa mazoea nikaitika, "Karibu!" Laiti ningejiuma ulimi.

Nyumba inaingia kiubavu. Ni moja ya zile mpya zinazojengwa bondeni, bati jekundu, rangi haijakauka. Inaniambia, "Shikamoo, mama Tunu." Naitikia marahaba, maana nimeizidi umri.

"Kwenye mkutano wa mtaa wajenzi wetu waliahidi tutakuletea wateja na ajira," inasema. "Tumeona tuje wenyewe."

Nje nyumba zimepanga foleni mpaka barabarani. Zinakunywa uji kwa milango, zinalipa vizuri, hazidai chenji. Biashara ya namna hiyo sijawahi kuiona.

"Na ajira je?" nauliza. Mume wangu Shomari ni fundi wa plasta, na miaka yote amekuwa kibarua wa leo yupo, kesho hayupo.

"Tumempa ya kudumu. Njoo umwone."

Banda halipo tena. Nimesimama sebuleni mwa nyumba ileile. Shomari yumo ukutani, plasta imemfika kifuani, na anajipaka mwenyewe kwa mwiko. Anasawazisha vizuri, hana kazi ya kulipua huyo.

"Baba Tunu, toka humo!"

"Nitoke niende wapi, mke wangu? Hii kazi ya kudumu. Hata mvua ikinyesha, nipo."

Namvuta mkono. Ni wa baridi na hauvutiki. Namvuta tena kwa mikono miwili.

"Taratibu, mama," nyumba inasema kwa adabu. "Ukimtoa huyu naanguka. Na wateja wako wote wameniegemea mimi."

Plasta inamfika shingoni. Nyumba inatafuta pa kutundika kalenda. Inashika nyundo, sijui kwa mkono gani, na kumpigilia msumari begani. Napiga ukelele.

Nikaamka nimelowa jasho. Kumekucha, Shomari anatafuta shati lake.

"Leo usiende kazini," nikamwambia.

"Una wazimu? Leo ndiyo tunasaini mkataba wa kudumu." Akajishika bega. "Hebu nitazame hapa, sijui nimelalia nini."

Palikuwa na tundu dogo, la msumari. Halikutoa damu. Nilipoligusa, lilimwaga vumbi la saruji kwenye shuka.

Hapohapo mlangoni pakapigwa hodi. Nikamrukia Shomari nikamziba mdomo, asije akaitika.