Madoa ya Manjano

Dada yangu alivuka barabara akiwa amelishika shuka kwa ncha mbili, mikono ameitanua, kama mtu aliyebeba kioo cha dirisha. Upepo uliliingia shuka ukamsukuma nyuma, naye akausukuma mbele. Wanaume waliokaa nje ya duka la vipuri waligeuza shingo. Mimi nilikuwa nyuma yake, ndala miguuni, povu bado halijakauka mikononi.

"Turudi kwanza nyumbani tuongee," nilimwambia.

"Nimeongea hadi koo limekauka," akajibu bila kugeuka. "Sasa huyo jirani akaongee na mwenye nyumba."

Shuka lile lilikuwa limefuliwa, likasuuzwa, likaanikwa asubuhi ileile, na tayari lilikuwa na madoa. Yalikuwa madogo, ya manjano iliyokolea kama kiini cha yai, kila moja na kimkia chake. Ukiyatazama kwa mbali ungesema kuna mtu amekung'uta brashi ya rangi. Na mtu wa rangi tulikuwa naye, tumetenganishwa na ukuta tu.

Tulikuwa madobi, mimi na dada. Yeye alikuwa amefiwa na mume, mimi kiwanda kilikuwa kimetufungia milango, basi tukapanga nyumba yenye uwanja mpana na kuanza kufua mashuka ya gesti na sare za wauguzi. Dada alikuwa na wivu na weupe. Alikuwa na uwezo wa kunusa taulo akakwambia kama lilikauka juani au kivulini, na lililokauka kivulini alilirudisha kwenye beseni bila kusikiliza utetezi wa mtu.

Upande wa pili wa ukuta alikuwepo fundi wa kupaka magari rangi. Kila mtu alimwita Msasa, kwa sababu hakukubali kugusa rangi kabla hajalisugua gari hadi mwenyewe achoke kusubiri. Alikuwa mwanamume wa makamo, hana mke wala haraka. Dada alimfulia ovaroli lake bila malipo, na akilipiga pasi alilitia mkunjo miguuni, ukasimama kama wa suruali ya ofisini. Mafundi wenzake walimwita bwana harusi. Alicheka, na wiki iliyofuata alilileta tena. Naye, kwa upande wake, alikuja kututengenezea kila kilichoharibika, na baadaye akaanza kutengeneza hata kisichoharibika. Nilikuwa nikimkuta amekaza nati za meza ambayo haikuwa na tatizo lolote, dada amesimama pembeni akimwelekeza.

Halafu yakaja madoa.

Tulibadili sabuni. Tukachemsha vibanio, tukaisugua kamba kwa brashi, tukachuja maji kwa kitambaa, tukaikwangua pasi chini hadi ikang'aa. Nguo zilitoka kwenye beseni zikiwa safi, zikaenda kambani zikiwa safi, na tukienda kuanua tunakuta zimetiwa nukta. Mwenye gesti aliturudishia furushi zima. "Wageni wangu wananiuliza haya ni ya nani," alisema, "na mimi sina la kuwajibu." Wauguzi walipeleka sare zao kwingine.

Ndipo siku moja dada alipopanda juu ya ndoo, akachungulia ng'ambo. Msasa alikuwa ameshika bomba la kupulizia, na mbele yake lilisimama basi la shule, limepakwa nusu. Manjano.

Alimwita ukutani. Msasa alilipokea shuka, akalinusa, akakwaruza doa kwa ukucha.

"Jirani, rangi yangu ikishashika nguo ndiyo basi tena. Haya yanatoka?"

"Yanatoka nikiyaloweka."

"Basi si yangu."

"Kwa hiyo yanatoka mbinguni?"

Msasa alimrudishia shuka. Kesho yake alitundika turubai kubwa ukuta mzima, kutoka kona hadi kona. Mimi niliona ni ustaarabu. Dada aliona vingine. "Kama si yeye, turubai la nini?" Na madoa yalipoendelea, alisema sasa anafanya makusudi. Nilimwona akilisema hilo huku akikunja foronya, na nikaona lilivyomuuma, kama mtu anayejikanyaga mguu mwenyewe. Lakini alikuwa amekwisha kulisema.

Ndiyo maana siku ile tukavuka barabara. Viwanja vyote viwili vilikuwa vya mtu mmoja, mzee aliyeuza saruji na misumari. Aliliangalia shuka, akachungulia nje ya duka, akaliona basi limesimama linang'aa. Hakuhitaji maelezo zaidi. Msasa alipewa notisi.

Hakuingoja imalizike. Alipakia milango na mabampa yake kwenye gari la mizigo, halafu akaja kubisha hodi kwetu. Nilimfungulia mimi. Dada alikuwa ndani, anapiga pasi foronya iliyokwisha kunyooka.

"Mwambie jirani nimeondoka," alisema. Alisubiri kidogo. Pasi ilisikika ikienda na kurudi. Akaondoka.

Mvua zilianza muda mfupi baadaye. Tukawa tunaanika barazani, na doa hatukuliona hata moja.

"Umeona?" dada aliniuliza.

"Nimeona."

Mwenye gesti alirudi, wauguzi nao mmoja mmoja. Kazi ilijaa. Dada alikuwa na haki yake mkononi, lakini sikumwona akiifurahia. Alikuwa akiacha kufua, anatega sikio kidogo, kisha anaendelea.

Jua lilipotoka tulirudisha kamba uwanjani. Tulianika mashuka ya gesti yote kwa mpigo, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi yalikuwa yamechafuka kuliko wakati wowote. Dada alipanda juu ya ndoo akachungulia ng'ambo. Kulikuwa na majani yaliyoanza kuota, na duara jeusi la oili pale basi liliposimama.

Siku iliyofuata hakufua. Alitandaza shuka moja kwenye nyasi, akavuta kiti, akakaa kulilinda kama mtu aliyeanika nafaka. Nilimletea chai ikapoa. Jua lilipochanganya, nukta ya kwanza ikaanguka, hivi hivi, tunaiona. Ya pili ilimwangukia mkononi. Alitazama juu. Mwanzoni tuliona anga tupu, halafu macho yakazoea, tukaanza kuviona vidude vidogo vikipita kwa kasi, vyote vikitokea upande mmoja. Tulivifuata kwa macho kinyumenyume, juu ya kamba, juu ya tangi la maji, hadi kwenye paa letu wenyewe. Chini ya bati, juu kabisa ya dirisha la chumba cha dada, palikuwa na mwanya. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka.

Mrina asali tuliyemwita alibandua ubao mmoja wa dari, akakuta masega marefu kama mkono wa mtu mzima.

"Hawa si wageni hapa," alisema. "Yaone masega ya ndani yalivyo meusi. Wamekaa." Tulipomwonyesha mashuka alicheka. "Nyuki hachafui kwake, mama. Mvua ikimfungia anajibana, jua likitoka anakwenda kujisaidia hukohuko angani. Nyinyi mmeanika njiani kwake."

Mimi nilicheka. Siwezi kusema sikucheka. Kisha nikamwona dada amesimama katikati ya chumba, anatazama lile tundu la dari juu ya kitanda chake.

"Ule mvumo," alisema taratibu. "Nilikuwa nausikia nikijilaza mchana. Nilijua ni mashine ya upepo ya fundi, ya kupulizia rangi."

"Na alipohama?"

"Niliendelea kuusikia." Akapangusa vumbi la dari kwenye mto. "Nikadhani ni mimi tu."

Tulimtafuta kwa kuuliza kwenye maduka ya vipuri. Tulimkuta kwenye gereji kubwa nyuma ya maghala, ameajiriwa, amepiga magoti anasugua mlango wa gari la mtu. Alituona, akasimama, akatuletea benchi. Dada hakukaa. Alimweleza yote akiwa amesimama, kuanzia shuka la kwenye nyasi hadi masega, hakuruka kitu.

"Nyuki," alisema Msasa.

Alicheka hadi akajifuta machozi kwa kiwiko. Kisha kicheko kikaisha, na sote watatu tukabaki hatujui cha kufanya.

"Mliwachoma?"

"Hapana. Mrina aliwahamishia kwenye mzinga."

"Afadhali. Wao hawakukosa kitu."

Dada aliinamisha uso. "Rudi, fundi. Nimeongea na mwenye nyumba. Pale pako wazi."

Msasa alijipangusa mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. "Vifaa niliuza, jirani. Mashine, mabomba, vyote. Na kuanza upya umri huu..." Alikikunja kitambaa. "Hapa mwisho wa mwezi napata changu, nalala. Si pabaya."

Msimamizi alimwita kutoka ndani. Msasa aliitikia, akatupa mkono mmoja baada ya mwingine. "Asante kwa kuja. Mwingine asingekuja." Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na nadhani dada angependelea atukanwe.

Kwenye gari la kurudi alikaa dirishani, mkoba mapajani. Tulipita maghala, tukapita soko, tukakaribia kwetu, ndipo aliposema.

"Kuna jioni moja aliniita pale ukutani. Ameoga, amevaa shati. Akaniambia, jirani, nina jambo nataka kukuuliza."

"Jambo gani?"

"Nilimwambia angoje kidogo, nianue mashuka kwanza." Alikuwa anatazama nje. "Ndiyo siku niliyoyaona madoa kwa mara ya kwanza."