Hema la Saba

Mwaka 1996, Mwalimu Tumwagile aliwapeleka wasichana kumi na wawili wa kidato cha tatu kutoka Kilosa hadi Hifadhi ya Mikumi, wakalale kwenye mahema. Hakuna aliyewahi kulala hemani, mwalimu akiwemo. Mahema yalikuwa saba, ya mitumba, kutoka soko la Morogoro: sita ya wasichana, moja la mwalimu. Siku hizo mtu mwenye jicho zuri alipata chochote humo. Tumwagile aliyashona palipochanika, akayasimamisha uwanjani na kuyamwagia maji ndoo kwa ndoo, mpaka aliporidhika kwamba hayavuji.

Mkuu wa shule alikubali kwa shingo upande. "Askari wa hifadhi akisema kambi si salama, mnarudi siku hiyo hiyo," alisema. "Na mahema yanaingia stoo. Hayatoki tena."

Askari aliyewapokea aliitwa Kaelo, mtu mzima mwenye bunduki begani na utani mdomoni.

"Shikamoo, mzee!" wasichana walimwamkia kwa pamoja.

"Marahaba. Mwalimu, haya ni mahema au mashuka? Tembo akipiga chafya, tutayafuata Iringa."

"Njoo saa kumi na moja utukague, kaka," Tumwagile alijibu. "Utani tutaumaliza hapo."

Kazi ikaanza. Walichagua mahali palipoinuka, mbali na njia ya wanyama, pasipo na tawi kavu juu. Waliokota mawe na miiba kabla ya kutandika turubai, kisha magodoro na mablanketi. Viatu viliwekwa ndani, nge wasivigeuze nyumba. Zipu zilifungwa. Chooni wangekwenda wawili wawili, na tochi.

Nalepo, mtoto wa wafugaji na kiongozi wa kambi, alipewa kazi ya kukagua mahema. Chakula chote kilipaswa kuingia kwenye sanduku la chuma ndani ya lori la shule. Alitoa karanga hapa, ndizi pale.

"Na hii peremende iliyo mdomoni?" mmoja alimchokoza.

"Meza au tema."

Saa kumi na moja ilipokaribia, alisimama mbele ya mwalimu.

"Mwalimu, limebaki hema moja."

"La nani?"

"Lako."

Wenzake waliziba midomo kwa viganja. Tumwagile alihisi uso ukipata moto. Sheria zote za kambi alizitunga yeye, na gari la Kaelo lilikwisha kusikika. Alisogea pembeni.

"Ingia."

Nalepo alitoka na vipande vya miwa vilivyofungwa kwenye kanga. Mwanasha, mmoja wa wasichana, akaangua kilio. Mama yake, mkulima wa Ruhembe, alikuwa amewasubiri stendi ya Mikumi na zawadi ya mwalimu. Kwao zawadi haitangazwi. Inaingizwa kwa mwenyewe, aikute, na Mwanasha alikuwa ameiingiza hemani bila mwalimu kujua.

Kaelo alikuwa akishuka garini. Mzigo ungeweza kusukumwa chini ya lori, asiujue. Tumwagile aliuchukua na kumpelekea.

"Hii imetoka hemani mwangu, kaka. Kiongozi wangu ndiye aliyeikuta."

Kaelo hakutania. Alionyesha kidole magharibi, ambako kundi la tembo lilikuwa likitembea polepole.

"Wale wanaijua harufu hii kuliko mimi ninavyoijua ya pilau. Ungelala nayo, wangekuja kuifuata."

Alizunguka kambi yote. Alivuta kamba, akajaribu zipu, akachungulia chini ya magodoro. Mwishowe aliuliza, "Nani aliyemkagua mwalimu?"

Nalepo alinyoosha mkono.

"Hukuogopa?"

"Niliogopa. Lakini mahema ni saba, si sita."

Kaelo alicheka mpaka bunduki ikamteleza begani. "Nimekagua kambi za wageni wenye mahema mapya. Mkubwa wao kukaguliwa na mdogo, sijaona. Laleni hapa."

Aliipakia miwa garini kuipeleka langoni.

"Mama atasema umeikataa," Mwanasha alinong'ona.

"Mwambie nimeipokea kwa mikono miwili. Kesho tutaitafuna wote langoni."

Jua lilipokaribia kuzama, tembo walipita kwa mbali. Mmoja aliinua mkonga kuelekea kambini, akaushusha, akawafuata wenzake. Wasichana walitazama wakiwa wameshikana mikono.

Tumwagile alifungua daftari na kuanza ripoti ya mkuu wa shule: "Kambi imekaguliwa mara mbili, na ni salama. Mkaguzi wa kwanza alikuwa Nalepo. Hakumwacha mtu."