Baiskeli ya Jumatatu

Mwaka ule kahawa iliposhika bei, Rwegoshora wa Kamuli alinunua baiskeli, na tangu siku hiyo hakuonja tena usingizi wa mtu asiye na kitu.

Hakuinunua kwa fahari. Mke wake, Anatolia, alikuwa anaumwa kifua, na daktari wa misheni alikuwa amesema achomwe sindano kila Jumatatu, bila kuruka hata moja, mpaka masika yapite. Hospitali ilikuwa mbali, vilima vinne na mabonde yake, na Anatolia alikuwa hawezi tena kufika hata kisimani bila kuketi njiani. Mara mbili wanaume wa kijiji walimbeba kwenye engozi, ile machela ya kusukwa ambayo wagonjwa wote wa huko hubebewa. Mara ya tatu walikuja wanaume wawili tu, kwa kuwa kahawa ilikuwa imeiva na kila mtu alikuwa shambani kwake. Basi ikanunuliwa baiskeli. Anatolia alikaa nyuma, juu ya mto uliojazwa majani makavu ya migomba, Rwegoshora akasukuma kupanda na kubana breki kushuka, na kabla ya jua kuzama walikuwa wamerudi nyumbani.

Lakini baiskeli zilikuwa zinaibwa. Ndani ya miezi miwili zilipotea tatu. Watu walisema zinavushwa mto Kagera, zinapakwa rangi huko ng'ambo, na mwenyewe akikutana na yake sokoni ataipita kama mgeni asiyemjua.

Rwegoshora alikwenda Mabira kwa Yustus, fundi wa baiskeli, akanunua mnyororo na kufuli kubwa kama ngumi. Yustus alimwapia kwamba kufuli ile hata yeye mwenyewe hawezi kuifungua. Rwegoshora akarudi amefurahi, akaifunga baiskeli kwenye nguzo ya baraza. Kesho yake akasikia kwamba ile ya pili kati ya zilizoibwa nayo ilifungwa kwa kufuli ya Yustus kwenye nguzo, na mwizi alikwenda na baiskeli, kufuli na nguzo yake.

Katekista Elpidius akamshauri achonge jina lake kwenye fremu. Rwegoshora akauliza kama huko ng'ambo ya mto watu wanasoma majina kabla ya kununua. Elpidius akajibu kwamba Mungu anasoma. Rwegoshora hakuona jinsi hilo litakavyomrudishia baiskeli, lakini alichonga, herufi tatu, kisha msumari ukapinda.

Jirani akamwambia kufuli ni kazi bure, ang'oe gurudumu la mbele, maana mwizi haendeshi gurudumu moja. Aling'oa. Gurudumu akalificha chini ya mikeka ya kahawa, na nati zake akazitia katika kibuyu alichokificha vizuri mno. Jumatatu ilipofika alikipata kibuyu jua likiwa limeshapanda. Walipofika hospitali, chumba cha sindano kilikuwa kimefungwa. Walilala barazani na wagonjwa wengine, na asubuhi muuguzi akasema na Rwegoshora kama anayesema na mtoto: dawa hii ina siku zake, ukiichezea nayo itakuchezea. Anatolia alikohoa njia nzima ya kurudi. Rwegoshora alisikia kila kikohozi mgongoni mwake, akajua sasa kwamba anayeibiwa si yeye.

Basi akaiingiza baiskeli ndani, karibu na kitanda. Harufu ya mafuta ya mnyororo ikamzidishia Anatolia kikohozi. Akaitoa nje. Akairudisha. Akaitoa tena. Kila ushauri ulikuwa mzuri mpaka ausikie mwingine, na kila alipouliza watu wawili alirudi na njia tatu.

Aliyemcheka waziwazi alikuwa Rwezaura, mdogo wa marehemu baba yake, mzee mpenda rubisi ambaye ushauri wake haukuwahi kumwokoa mtu yeyote, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

"Mwanangu, unafunga chuma kwa chuma," alisema Rwezaura, akifuta povu la pombe ya ndizi mdomoni. "Chuma hakina kosa. Anayekuja ni mtu. Mfunge mtu."

Mtu huyo alijulikana, au watu walisema anajulikana. Alikuwa Gosbert wa Mabira, asiye na shamba la maana wala ng'ombe, ambaye miguu yake ilizijua njia zote za mtoni. Hakuwahi kukamatwa na chochote. Rwezaura alitaka wafanye naye mukago, undugu wa damu. Kila mtu wa kabila lao la Wanyambo alijua unavyofanywa: kahawa ya mapacha, punje mbili ndani ya ganda moja, inapasuliwa, kila mmoja anajichanja kidogo karibu na kitovu, anapaka punje yake damu, kisha kila mmoja anakula ya mwenzake. Baada ya hapo humwibii ndugu yako, humdhuru, humnyimi. Anayevunja, tumbo linamvimba, na nyumba yake inafuata. Mapadre walikuwa wameukataza. Watu walikuwa wameuacha, hasa mbele ya mapadre.

Rwegoshora alimweleza mkewe. Anatolia alikuwa anamenya ndizi, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na yeye akiomba?"

"Akiomba nini?"

Anatolia aliendelea kumenya.

Kumwendea mtu na kumwomba undugu kwa sababu unamdhania mwizi si jambo lenye maneno yake. Rwegoshora alifika kwa Gosbert na mkungu wa ndizi begani, akakaribishwa kigoda, akapewa kahawa ya kutafuna, na akajikuta anasifu kuku. Mwishowe alisema amekuja kutafuta ndugu. Gosbert, mwanaume mwembamba mwenye macho ya usingizi, alimtazama.

"Kwa nini mimi?"

"Nimesikia wewe ni mtu mwema."

"Umesikia wapi?" Gosbert aliuliza. "Nielekeze, na mimi niende nikasikie."

Rwegoshora alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Gosbert hakuuliza tena. Alisema alikua peke yake, ndugu wawili walikufa kwa ndui kabla hawajapata majina, na kama mtu amefunga safari kutoka Kamuli kumtaka undugu, nani amrudishe. Alhamisi iliyofuata wakakutana nyuma ya nyumba ya Gosbert, Rwezaura akiwa shahidi, na wakala kahawa ile. Ilikuwa chungu na ya chumvi. Rwegoshora alirudi na kidonda kidogo tumboni na moyo mwepesi, ingawa jicho lile la Gosbert lisilocheka lilimfuata njiani, akawa hajui tena kama amemfunga mwizi au amemdanganya mtu mpweke.

Alifungua kufuli, akaiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa nje mchana kweupe, akaiacha hapo. Siku kumi hakuna aliyeigusa.

Jumatatu ya pili, wakati anafunga ule mto wa majani kwenye kiti cha nyuma, Gosbert akatokea kati ya migomba. Walisalimiana kama ndugu. Gosbert akasema amekuja kuomba baiskeli.

"Ya siku ngapi?" aliuliza Rwegoshora.

"Ndugu, tangu lini damu inahesabiwa siku?"

Rwegoshora alishika usukani kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono mwingine. Akimnyima, atakufa na nyumba yake, na nyumba yake ilikuwa Anatolia. Akimpa, sindano itakosekana, na atakayekufa ni Anatolia. Mwizi angeweza kumfukuza kwa fimbo. Ndugu hana fimbo yake. Alitafuta neno lililo katikati ya ndiyo na hapana, Kinyambo hakikuwa nalo, Kiswahili hakikuwa nalo.

Anatolia akatoka ndani amevaa vazi lake la kanisani, kadi ya hospitali mkononi. Alipita katikati yao polepole, akakaa juu ya mto.

"Shemeji, chukua baiskeli," alimwambia Gosbert. "Ni haki yako. Mimi leo nina sindano, na njia ni hiyo ya kulia."

Gosbert akacheka kidogo, akamtazama Rwegoshora, akaona kwamba hakuna msaada huko. Mke wa ndugu wa damu humtupi njiani. Alishika usukani, akasukuma.

Rwegoshora aliwafuata mpaka kilima cha kwanza, hajui kama anamlinda mke au anaisindikiza baiskeli, mpaka Anatolia akageuka na kumpungia mkono arudi kwenye kahawa yake. Alishinda siku nzima akianika punje zilezile mara mbili. Jua likielekea kuzama wakarudi. Anatolia alikuwa amechomwa sindano. Gosbert, jasho likimtiririka, alimshusha, akamshika mkono mpaka mlangoni, kisha akapanda baiskeli akaenda nayo.

Jumatatu iliyofuata alikuja kabla ya jua kupanda, mto umeshafungwa. Na iliyofuata. Siku sita nyingine za wiki hakuna aliyejua baiskeli iko wapi, na ilirudi na matope ambayo si ya Kamuli. Karani wa gombolola, ofisi ya utawala ya huko, alipopita kuandika baiskeli zilizoibwa, alimuuliza Rwegoshora kama yake nayo imeibwa. Rwegoshora alisema hapana. Je, amemwazima mtu? Alisema hapana. Ameiuza? Hapana. Basi iko wapi? "Kwa ndugu," alisema, na karani akaweka mstari mahali pa jibu.

Anatolia alianza kumsubiri Gosbert na kiazi cha kuchoma kwenye jani. Kilimani, alimwambia mumewe, shemeji humsimulia mambo ya mtoni, mengine ya uongo. Tangu Gosbert aanze kuja, Anatolia hakukosa sindano hata moja. Hilo Rwegoshora alilishika kama mtu anavyoshika mti kwenye mafuriko: hata moja.

Anatolia alifariki Jumamosi, masika yakiwa bado hayajaisha.

Hakuna aliyekumbuka kupeleka habari Mabira. Jumatatu, wafiwa wakiwa wamekaa juu ya nyasi zilizotandazwa, Gosbert akatokea kati ya migomba akisukuma baiskeli, mto umefungwa nyuma na umejazwa majani mapya. Aliona watu. Aliwatazama mmoja mmoja kama anayetafuta mtu aliyezoea kumwona pale, akasimama.

"Niiweke wapi?" alimuuliza Rwegoshora.

 Rwegoshora hakujua kama ameulizwa na mwizi au na ndugu, wala kama kuna tofauti iliyobaki.  Gosbert akailaza baiskeli chini penye tope, akavua viatu, akaenda kuketi juu ya nyasi upande wanakoketi watu wa nyumba.

Rwegoshora akasogea, akampa nafasi.