Bawa la Kushoto

Brinkschulte, mwenye banda, aligonga bawa la glaida kwa kifundo cha kidole, akasogea shubiri moja, akagonga tena. Mimi nilikuwa nimelala chali chini ya bawa juu ya gunia, sikio karibu na mbao, mwanamke wa miaka sabini na sita aliyekatazwa na daktari hata kuinama. Banda lilikuwa la nguruwe zamani, na harufu yao ilikuwa bado haijahama. Mbao iliyoshikana vizuri hulia kwa sauti kavu, fupi. Iliyoachana hulia kama kabati tupu. Nilisikiliza kuanzia shina la bawa hadi karibu na ncha, na kila alipogonga nilimwomba Mungu, ambaye sina mazoea ya kumsumbua, sauti iwe mbovu.

Ndiyo, mbovu. Nilitaka bawa lile liwe limeoza. Nilikuwa nimelitafuta miaka mitatu kwa sababu hiyo tu.

Glaida ya aina ya Drossel ni ndege isiyo na injini, ya mbao na kitambaa, ambamo watu wawili hukaa bega kwa bega, kila mmoja na fimbo yake ya kuongozea mbele ya magoti. Zilijengwa nne tu. Mbili kati ya hizo tulizijenga sisi, kwenye karakana ya klabu yetu kule milima ya Rhön, katika majira ya baridi ya mwaka 1960: moja yetu, nyingine ya klabu ya ng'ambo ya bonde. Klabu ya kwetu ilikuwa na sheria moja tu iliyoheshimiwa kuliko Amri Kumi: asiyefanya kazi saa mia mbili karakanani wakati wa theluji, kiangazi haruki, hata awe mtoto wa meya. Kwa hiyo sote tulikuwa mafundi. Wengine mafundi kweli, wengine mafundi wa kuharibu.

Kaka yangu Ottmar alikuwa fundi kweli. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mrefu, mwenye kunichokoza kutwa. Siku aliporuka peke yake mara ya kwanza, wanachama walipanga foleni wakamchapa matakoni mmoja mmoja, kama desturi yetu inavyotaka, wakamkabidhi shada la miiba badala ya maua. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye foleni, nikamchapa kuliko wote. Kwa wiki nzima alikuwa akiniambia, “Roswitha, mkono huo usiupeleke kwa mwanamume mwingine, utafungwa.”

Yeye ndiye aliyenifundisha gundi. Ilikuwa ya sehemu mbili: ubao mmoja unapaka gundi yenyewe, ubao wa pili unapaka dawa ya kuikaza, kisha unabana na kusubiri. Ukisahau dawa, gundi inakauka na kupendeza macho, lakini nguvu haina. Na dawa yenyewe ilikuwa angavu kama maji. Ndiyo maana Ottmar hakuruhusu mtu aiguse kabla ya kutia humo tone la wino mwekundu, ili kila palipopakwa paonekane. Tena kila siku ya gundi tulitakiwa kuunganisha vipande viwili vya majaribio, ambavyo kesho yake vilivunjwa kwa nyundo. Mbao ikichanika yenyewe, gundi ni nzima. Ikiachana palipopakwa, kazi yote ya jana ni ya kubomoa.

Jumamosi ile ilikuwa ya karnavali, sherehe za dansi kabla ya Kwaresima. Ottmar alikuwa kazini, wino ulikuwa umekwisha, na mimi nilikuwa na mafua na gauni jipya. Nilibaki peke yangu na mabawa mawili ya kushoto, letu na la wenzetu, yakisubiri kufunikwa plaiwudi upande wa mbele. Mezani palikuwa na chupa mbili za jemu zinazofanana: moja ya dawa, moja ya maji ya kufutia. Nilichovya brashi, nikapaka bawa la kwanza, nikahamia la pili bila kupumzika, nikabana yote. Vipande vya majaribio sikuvitengeneza. Nilikuwa nasikia muziki kutoka ukumbini, nami nilikuwa na miaka kumi na saba. Chupa zote mbili nilizimwaga kwenye karai, nikazisuuza, na nilipokuwa mlangoni nafunga kitambaa kichwani ndipo nikajiuliza: ile niliyochovya ilikuwa chupa ipi?

Ningeweza kurudi. Ningeweza kusema Jumatatu. Lakini sherehe ya kuipa glaida jina ilikuwa imepangwa Pentekoste, na kubomoa mabawa mawili kungeturudisha nyuma miezi. Nilijiambia ilikuwa dawa. Nikaenda kucheza dansi.

Glaida yetu iliruka mwaka mmoja na miezi mitatu. Agosti 1961, Jumapili mchana, Ottmar alipanda na Hannelore, binti wa mwoka mikate, siku ambayo msichana huyo alikuwa akitimiza miaka ishirini. Winchi, mashine ya kuvuta kamba, iliwavuta vizuri, wakaachia kamba, wakazunguka mara tatu juu ya msitu wa misonobari. Kisha glaida ikainamisha pua, ikashika kasi, ikainuka ghafla, na bawa la kushoto likakunjika. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye nyasi nakula keki. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Wataalamu wawili walikuja kutoka mjini wakaandika kwamba rubani alivuta fimbo kwa nguvu kupita uwezo wa bawa. Siku ya tatu klabu ikachoma mabaki, kama tulivyofanya siku zote, ili asitokee mtu akaokota kipande na kukirusha tena. Ushahidi wote ukawa majivu. Mbele ya kijiji kizima Ottmar akabaki kijana aliyekuwa anajionyesha kwa msichana, akamuua. Mwoka mikate hakutusalimu tena. Mama yangu alitembea kilomita nne kwenda kijiji cha pili kununua mkate, kwenda na kurudi, kwa miaka ishirini na sita, mpaka miguu ikakataa. Na mimi nilikuwa nikimtazama dirishani akiondoka na kikapu, na sikufungua mdomo. Nilimwacha ndugu yangu abebe. Nilijichukia kwa hilo na bado sikusema.

Miaka kadhaa baada ya kustaafu, na wazazi wote wamekwisha kuzikwa, nikaamua kwamba sitakufa kabla ya kujua. Lilikuwapo bawa la pili. Nikilipata pacha hilo na gundi ikawa mbovu, basi Ottmar yuko safi, nami nitakwenda kusema kwa sauti kubwa nilichokifanya. Nilianza kuandika barua. Drossel moja, iliyojengwa na watu wengine, ilining'inizwa kwenye dari ya ukumbi wa dansi huko Allgäu hadi mkwe wa mwenye ukumbi alipoikata kuni. Mkwe mwenyewe alinisimulia kwa simu, bila aibu, akasema iliwaka vizuri. Nyingine, nayo si yetu, iko kwenye makumbusho Denmaki, nusu tu. Ile pacha klabu ya ng'ambo iliiuza kwa mwalimu, mwalimu akaiuza, na hapo njia ikapotea kwa miezi kumi na minne. Kisha, kwenye mkutano wa wapenzi wa glaida za kale, bwana mmoja aliyejaza soseji mdomoni akaniambia Lothar Brinkschulte wa Emsland ana Drossel kwenye banda la nguruwe tangu mwaka themanini na nane.

Nilipompigia simu, Brinkschulte alifurahi mno. Alisema anaifufua, kiangazi kijacho ataruka nayo yeye na mke wake. Nikamwambia asiguse kitu mpaka nifike.

Basi, nilitoka chini ya bawa, nikajifuta majani, nikamwambia mlio hautoshi, lazima tufungue. Akaniuliza tufungue nini na kwa nini, bawa zima hili. Nikamweleza. Nilimweleza mtu nisiyemjua, mkulima mwenye buti za mpira, kitu ambacho sikumwambia hata marehemu mume wangu. Alikwenda kuchukua patasi na nyundo yeye mwenyewe.

Kama ingekuwa maji, plaiwudi ingebanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Alichomeka patasi pembeni, akagonga. Haikubanduka. Akagonga kwa nguvu zaidi, na ubao ukachanika, nyuzi za mbao zikabaki zimeng'ang'ania pande zote mbili. Tukafungua mahali pa pili. Hivyo hivyo. Pa tatu, karibu na shina, ambapo mzigo ni mkubwa kuliko pote. Alitoa jasho kupata kipande cha ukubwa wa kiganja.

“Chupa moja?” aliniuliza.

“Moja.”

“Brashi moja, saa ileile, ukatoka kwenye lile ukaja kwenye hili?”

“Ndiyo.”

“Basi ulichovya dawa, Bi Einsiedel. Mimi ningeruka na bawa hili kesho.”

Nilimwambia afungue pa nne. Akakataa. Nikamnyang'anya patasi, nikaanza mwenyewe, nikalia kwa hasira huku nagonga, na mkulima wa watu akanishika viwiko taratibu akanirudisha kwenye gunia. Alidhani nalia kwa faraja. Aliniletea kahawa na mkate wa shayiri nyeusi na akaniambia sasa nitalala vizuri. Ningemwelezaje? Kwa miaka hamsini na minane nilikuwa nimemwambia ndugu yangu, kila usiku kabla ya kulala, kwamba haikuwa wewe, ilikuwa mimi. Sasa nilikuwa sina cha kumwambia. Alikuwa amevuta fimbo. Alikuwa anajionyesha kwa msichana.

Tatizo ni kwamba kabla ya safari nilikuwa nimekwisha kumwandikia Gudula. Huyo ni mdogo wake Hannelore. Alikuwa na miaka kumi na minne ajali ilipotokea, baadaye akarithi duka la mikate, na mpaka leo anaishi juu ya duka hilo ingawa sasa wanauza miwani. Nilikuwa nimemwandikia kwamba nakwenda kuangalia Drossel ya pili na Alhamisi nitakuja kumweleza nilichokikuta. Ilikuwa mistari minne, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu wa nyumba yetu kumwandikia mtu wa nyumba yao.

Alhamisi nikapanda ngazi zake. Nilikuwa nimepanga kusema ukweli. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi ndani ya gari, maneno machache: ilikuwa kosa la kaka yangu, nawaomba radhi kwa niaba yake. Gudula alifungua mlango akiwa amevaa vizuri kama wa kwenda kanisani. Hakunikaribisha kiti. Alisimama na mkono kwenye mgongo wa kochi, akaniuliza, “Umekuta nini?”

“Gundi,” nikasema. “Ilikuwa gundi. Niliiweka mimi, nilikosea chupa. Ottmar hakufanya kosa lolote.”

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Au najua. Niliyasema kwa ajili ya Ottmar, nikasubiri anifukuze, anitemee mate, chochote.

Gudula akakaa. Alikaa polepole, akishikilia kochi.

“Una hakika?”

“Nimeona kwa macho yangu. Plaiwudi ilibanduka kama ganda la kiazi.”

“Asubuhi ile Hannelore aliniambia Ottmar atamwachia fimbo,” akasema. “Ilikuwa zawadi yake ya siku ya kuzaliwa. Alisema leo naendesha mimi, usimwambie baba. Wale wa uchunguzi walipokuja nyumbani, baba akaniuliza kama alisema lolote kabla ya kwenda. Nikajibu hakusema kitu. Mama yako alikuwa akipita hapa chini na kikapu, na mimi nikiwa kaunta. Kila siku nilifikiri, leo nitamwita. Sikumwita. Nilijua dada yangu ndiye aliyevuta, na nikamwachia kaka yako.”

Ningeweza kusema ukweli wakati ule. Fimbo zilikuwa mbili, bawa lilikuwa zima, na mmoja wao alivuta, na hakuna binadamu atakayejua yupi. Lakini Gudula alikuwa amefunika uso kwa viganja, na alichokuwa akikirudia humo ndani, mara mbili, mara tatu, kilikuwa kwamba haikuwa Hannelore, kumbe haikuwa Hannelore.

“Haikuwa yeye,” nikamwambia. “Ilikuwa mimi.”

Alinisamehe papo hapo. Hilo sikuwa nimelitarajia, na nawaambia wazi kwamba lilikuwa gumu kulipokea kuliko matusi. Akanikatia kipande kikubwa cha keki ya plamu, akaniuliza habari za miguu yangu. Siku hizi huja kwangu Jumapili baada ya ibada. Tunakula, tunasengenya mchungaji, na kabla ya kuondoka huniomba nimweleze tena habari za ile gundi, nami namweleza, na kila mara inakuwa na maelezo zaidi kidogo.

Mwezi wa saba Brinkschulte alinitumia picha kwa posta. Yeye na mkewe wako angani bega kwa bega, wanacheka, jua limepenya kitambaa mpaka mbavu za mabawa zinahesabika, na bawa la kushoto limenyooka kabisa. Nyuma ameandika: linashika vizuri ajabu, asante. Nilikaa nayo jikoni asubuhi nzima ya Jumamosi. Kisha nikaichanachana vipande vidogo vidogo, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumapili, na Gudula ana tabia ya kufungua makabati ya watu.