Shuka Jekundu, Ghorofa ya Nne

Uongo wa kwanza ulimchukua mfamasia sekunde nne. Kumshusha mama yake ngazi kungemchukua nusu saa. Hesabu hiyo aliipiga akiwa amesimama mlangoni, mkoba begani, na hawezi kusema kwamba hakujua alichokuwa akifanya.

"Mama, wamepiga simu. Bahari imechafuka, safari imeahirishwa."

Bibi, mama yake, alikuwa tayari tangu alfajiri. Kofia kichwani, viatu vimefungwa, mkongojo mapajani, na mezani shuka jekundu lililokunjwa vizuri. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akianika nguo kwenye kibaraza kile huku akivitazama visiwa vitatu ng'ambo ya maji, na hakuwahi kukanyaga hata kimoja. Wiki nzima wimbo wake ulikuwa mmoja: tutundike shuka kibarazani, tukifika kule tulitafute, nione kama na sisi tunaonekana.

"Imechafuka?" Aligeukia dirisha. Maji yalikuwa yametulia kama ya kwenye beseni. "Haya. Wenye chombo ndio wanaojua."

"Mimi nimeitwa dukani. Huyu binti nampeleka kwa shangazi yake."

"Nendeni salama."

Mjukuu, msichana wa miaka tisa, alifungua mdomo. Mama yake akamshika mkono, wakateremka. Lifti ilikuwa imekufa tangu mwezi uliopita. Vidato sabini na viwili walivimaliza kabla mtoto hajapata la kusema. Alilipata barabarani.

"Mama, kwa nini umemdanganya bibi?"

"Boti inaondoka saa mbili kamili. Goti la bibi halijui saa. Tungeikosa wote."

Majirani walimwita mfamasia huyu Chapchap, naye jina hilo alilivaa kama nishani. Asubuhi ile lilianza kumbana.

Gatini walimkuta nahodha, mzee mnene mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo, akiwa na orodha ya abiria mkononi. "Ninyi ni watatu! Yuko wapi bibi yangu?"

"Anaumwa." Uongo wa pili ulitoka bila shida. Wa kwanza ulikuwa umeshafyeka njia.

"Lo, pole! Na kiti chake nimeshakifunga."

Ndipo alipokiona. Wiki iliyopita yeye mwenyewe alikuwa amepiga simu akishurutisha, kwa sauti anayowatolea wanaochelewesha dawa: mama yangu goti halikunjiki, mabenchi yenu hayamfai, nataka kiti chenye mikono. Nahodha alikuwa ametoa kiti cha sebuleni kwake, mto wenye maua juu yake, akakifunga kwa kamba upande wa kivuli.

Abiria walibanana kwenye mabenchi. Bwana mmoja mwenye kitambi akakinyemelea kile kiti.

"Hicho kina mwenyewe!" nahodha akamkemea.

"Mwenyewe si hayupo?"

"Na wewe goti lako si zima? Kitambi si ugonjwa, bwana. Kaa benchi."

Watu wakacheka. Chapchap akajifanya anatafuta kitu mkobani. Njia nzima hakuweza kutazama upande wa kivuli, na jua likamchoma.

Kisiwani mtoto hakuingia majini. Walikula mikate yao ya mayai, na wa tatu ukabaki kwenye mkoba, ule usiotiwa pilipili. Nahodha akaja akikokota miguu mchangani, simu mkononi.

"Nimempigia mgonjwa wetu kumpa pole. Namba yake si uliiandika kwenye fomu?"

Chapchap akainuka mchangani. "Akasemaje?"

"Nilimwambia, bibi, tuko kisiwani na mwanao, ametuambia unaumwa, kiti chako hajakikalia mtu. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, ndiyo baba, homa imenibana tangu jana, mwenyewe nimemlazimisha binti yangu aende asipoteze siku yake." Nahodha akatikisa kichwa. "Una mama, wewe! Halafu akauliza kama mmelitafuta shuka."

"Shuka liko mezani," mtoto akasema. "Limekunjwa."

Nahodha alimpa darubini. Mtoto akaizungusha, akahesabu majengo kwa kunong'ona, akatulia.

"Limetundikwa, mama."

Chapchap aliipokea. Mji mzima ulikuwa kijivu, isipokuwa kidoa kimoja chekundu, kidogo kama tone la damu kwenye pamba. Kamba ya kuanikia ilikuwa juu. Kuifikia, mama yake alilazimika kupanda kigoda, na goti lile.

Jioni alizipanda ngazi polepole. Alimkuta bibi kitandani, blanketi hadi kidevuni, na joto lile.

"Mama! Umeanguka?"

"Sijaanguka. Si nimeambiwa naumwa? Nikaona nilale. Sikutaka baba wa watu akuone mwongo."

"Nisamehe, mama. Niliogopa tungechelewa."

"Hukuogopa kuchelewa. Ulichoka kunisubiri."

Chapchap hakuwa na uongo wa tatu. "Ndiyo."

"Goti hili ninalo miaka kumi na miwili. Linanichosha mimi, sembuse wewe? Ungesema tu. Ningeanza kushuka saa kumi usiku."

Chapchap aliketi ukingoni mwa kitanda, akalia bila sauti. Bibi alimwacha alie, hakumbembeleza.

"Nahodha ameniwekea kiti Jumamosi ijayo," akasema mwishowe. "Nitakwenda na mjukuu wangu."

"Nitaomba ruhusa kazini, tutakwenda sote."

"Ruhusa omba. Lakini wewe utabaki hapa. Shuka halijitundiki."

Jumamosi walianza kushuka saa kumi na mbili na nusu. Chapchap alimshika mama yake kwapani, kidato kimoja baada ya kingine, na saa ya mkononi alikuwa ameiacha bafuni kwa makusudi. Aliporudi juu alilitundika shuka, akasimama kando yake.

Karibu na adhuhuri simu ikalia. Alikuwa mtoto.

"Mama, bibi analiona shuka! Anauliza, na wewe upo?"

"Nipo. Mwambie nipo."

Sauti ya bibi ikasikika kwa mbali.

"Anasema hakuoni. Anasema usiondoke, bado anatafuta."

Jua lilikuwa limefika kibarazani. Chapchap hakusogea kivulini.