Diski Iliyoitwa DADA01

Dada yangu alifukuzwa kazi kwa kosa la kusoma. Ndivyo barua yake ilivyosema: "Alisoma namba isiyo sahihi." Huu ni mwaka wa tatu anakaa chumba cha nyuma nyumbani kwangu, akishona sare za shule. Kila ofisi anayoomba kazi hupiga simu kwanza kwa bosi wake wa zamani, na baada ya simu hiyo hawamwiti tena.

Katika chumba cha mashine kuu za kompyuta, amri ya hatari haifanywi na mtu mmoja. Mmoja husoma karatasi kwa sauti, mwingine huipiga kwenye kibodi, anarudia alichopiga, ndipo anabonyeza. Siku ile dada alikuwa msomaji. Mpigaji alikuwa mkuu wa chumba, ambaye sote tunamwita Mzee Upesi. Diski yenye daftari la vizazi ilifutika, na nakala ya akiba ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Watoto wa wiki tatu hizo wakatoweka. Mama zao walirudi kupanga foleni, migongoni wamebeba ushahidi kwamba wamezaa.

"Mimi nimepiga nilichosomewa," alisema Mzee Upesi. Yakaisha hapo.

Kazi hii nilijifunza kwenye madaftari ya dada, ukurasa kwa ukurasa, kisha nikaiomba nafasi yake. Sisi ni wa mama mmoja, baba tofauti, kwa hiyo majina yetu hayakumshtua mtu.

Kubadilisha jina la diski si kazi ngumu kwa mwenye subira. Unaitoa kazini kwenye kila mashine inayoitumia. Unabadilisha lebo tu, bila kugusa kilichomo. Kisha unaiambia katalogi, orodha ya faili zote na zilipo, jina jipya, la sivyo itaendelea kutafuta kwa jina la zamani na kuapa kwamba faili hazipo, ilhali zimekaa palepale. Na kila amri hubeba mstari wa kuthibitisha: diski ninayotarajia kuikuta ina jina hili, ukikuta jingine, usiguse. Mstari huo dada aliupigia mistari miwili chini katika daftari lake.

Alhamisi Mzee Upesi alinipa karatasi ya kazi ya Jumamosi. Diski kumi na nne zilikuwa za kubadilishwa majina. Ya kumi na tano ilikuwa tupu, ya kufutwa na kuandaliwa upya. Anwani yake ni 2A41. Yeye aliandika 2A14, na 2A14 ni vizazi.

Sipendi kumhukumu mtu kwa kuteleza kwa kalamu. Nikamuuliza, "Mzee, anwani ya mwisho umeihakiki?"

"Fundi, kazi yako kusoma."

Ijumaa asubuhi nikauliza tena. Akacheka. "Ukiwa na mashaka hivi, hata chai utaihakiki kabla ya kunywa!" Mchana nikauliza mara ya tatu. Hakuinua hata kichwa. Mara zote tatu niliandika tarehe na saa.

Jioni nilimweleza dada. Aliendelea kukanyaga cherehani.

"Mwache azame."

"Na watoto wa watu?"

Cherehani ikasimama. Alitoa pini mdomoni, akaichomeka kwenye kola.

"Basi watoto watoe kwanza. Halafu mwache azame."

Jumamosi nilifika saa moja asubuhi. Niliitoa diski ya vizazi kazini ili asiiguse mtu, nikainakili yote kwenye diski ya akiba, nikalinganisha faili kwa faili, mara mbili. Diski mbili haziwezi kuwa kazini kwa jina moja, kwa hiyo nakala niliipa jina lake: DADA01.

Saa tatu mkurugenzi alikuja kutazama. Diski kumi na nne zilikwenda vizuri. Tukafika ya mwisho. Nikasoma anwani kama ilivyoandikwa, nikaanza mstari wa kuthibitisha.

"Ruka huo," alisema Mzee Upesi. "Mama mkurugenzi ana shughuli zake."

"Mzee, huu ndio unaozuia..."

"Nimesema ruka!" Akaninyang'anya karatasi, akaukata mstari kwa kalamu yake ya kijani, na mwishoni akaweka kile kindoano chake cha sahihi.

Mashine ikauliza kama inavyouliza siku zote: jibu U kuendelea, T kuacha. Alibonyeza U kabla sijafumba mdomo.

Tuliporudisha diski kazini, ya vizazi haikuonekana. Akatafuta. Akatafuta tena. Shati likaanza kumganda mgongoni.

"Vizazi viko wapi?" aliuliza mkurugenzi.

Mzee Upesi alinigeukia. Nilijua atakachosema.

"Mimi nimepiga nilichosomewa."

Nikatoa bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi ya miaka mitatu iliyopita, ile waliyodai dada aliukata mstari wake mwenyewe ili kujitetea. Nikaiweka kando ya karatasi ya leo. Mstari uleule umekatwa kwa kijani, kindoano kilekile.

"Hii umeipata wapi?" akauliza Mzee Upesi.

"Kabatini kwa dada yangu." Nikamtaja.

Mzee Upesi alikaa chini taratibu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Niliitazama saa ya ukutani. Nilimwacha dakika kumi kamili. Dada alikuwa amepewa miaka mitatu. Kisha nikawaeleza kuhusu nakala.

Mkurugenzi alinitazama, na si kwa furaha. "Kwa hiyo ulijua?"

"Nilimuuliza mara tatu, mama. Saa zimeandikwa."

Alisoma karatasi zote mbili, akazikunja, akazitia mkobani mwake. "Jumatatu saa mbili, dada yako aje ofisini kwangu. Sasa rudisheni watoto wa watu."

Lililobaki lilikuwa dogo: nakala ipewe jina la zamani la diski ya vizazi, ili katalogi iikute kila faili pale inapoitafuta. Nikakaa kwenye kibodi.

"Mzee, leo mimi mpigaji. Soma. Na mstari wa kuthibitisha usiuruke."

Akausoma kwa kunong'ona.

"Sijasikia, mzee."

"Thibitisha," akasoma. "Jina la sasa... DADA01."

"Rudia."

Akarudia. Ndipo nikabonyeza.